Namba ya faksi ikihamia kwenye baruapepe, mashine inakwenda wapi?

Chukua barua yoyote ya ofisi ya umma Tanzania, ya zamani kidogo, uangalie pale juu: S.L.P., Simu, Nukushi, Baruapepe. Nukushi ndiyo faksi, na katika ofisi nyingi mstari huo umebaki kama jina la marehemu kwenye kibao cha mlangoni. Namba ipo, ila ukiipiga hakuna kinachoitika. Sisi tuliruka. Tulitoka kwenye faksi, tukapita mbio kwenye baruapepe, tukatua kwenye "piga picha unirushie WhatsApp".

Ndiyo maana shemeji yangu, aliyefungua nyumba ya kulelea wazee nje kidogo ya Minneapolis, Marekani, aliponipigia mwaka jana kuniuliza habari za faksi, nilidhani ananitania. Hakuwa na utani. Maagizo ya daktari yanamjia kwa faksi. Duka la dawa linataka faksi. Mzee akiruhusiwa hospitalini, muhtasari wa matibabu yake unakuja kwa faksi. Na laini ya waya aliyokuwa nayo ilikuwa imepanda bei hadi ikamtia hasira. Jirani yake wa kibiashara akamshauri ahamie faksi ya baruapepe, eti ni kazi ya mchana mmoja. Kabla ya kulipia, akaniuliza: "Shemeji, kama wote tuna baruapepe, kwa nini wasinitumie baruapepe tu yakaisha?"

Fundo lote liko kwenye swali hilo. Faksi ya baruapepe bado ni faksi, yenye miluzi ileile ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba mashine imehamishiwa kwa mtu mwingine, na wewe umeachiwa dirisha la kupokelea. Ukilisahau hilo, utakosea pa kulipa, pa kuamini na pa kuogopa.

Kwanza mashine yenyewe

Wazo la faksi ni kongwe kuliko simu. Alexander Bain, fundi saa wa Uskoti, alipata hataza ya chombo cha kupeleka nakala kwa waya wa telegrafu mwaka 1843. Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876. Katika miaka ya 1860 Ufaransa ilikuwa na huduma ya kulipia kati ya Paris na Lyon, ikitumia mashine ya padre Mwitaliano, Giovanni Caselli. Lakini faksi ya ofisini, ile ya kukwaruza masikio, ilipata umbo lake mwaka 1980, pale chombo cha kimataifa cha viwango vya simu kilichopo Geneva kilipopitisha kiwango kinachoitwa Kundi la 3. Mashine za Kundi la 1 zilikuwa zikitumia dakika kama sita kwa ukurasa mmoja. Unaweka karatasi, unakwenda kunywa chai, unarudi bado.

Kundi la 3 linaukata ukurasa kuwa mistari myembamba yenye vidoti 1,728 kila mmoja. Kidoti ni cheusi au cheupe, basi. Hakuna kijivu. Ukurasa wa A4 kwa ubora wa kawaida una mistari kama 1,145, yaani vidoti karibu milioni 2, na kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde (kidoti kimoja ni biti moja) vingehitaji dakika tatu na nusu kupita vyote kwenye waya wa simu. Wahandisi wakapata njia ya mkato. Badala ya kutaja kidoti kimoja kimoja, mashine inasema "vyeupe 1,400, vyeusi 12, vyeupe 316", kwa misimbo mifupi iliyokubaliwa, na ukurasa wa maandishi ya kawaida unapita chini ya dakika moja.

Kabla ya hapo kuna salamu, na miluzi ile ndiyo salamu yenyewe. Mashine inayopiga inatoa mlio mfupi wa hezi 1,100 (yaani mitetemo 1,100 kwa sekunde), inanyamaza sekunde tatu, inatoa tena: hodi, mimi ni faksi. Inayopokea inajibu kwa mlio mrefu wa hezi 2,100: karibu. Kisha zinazungumza polepole, biti 300 kwa sekunde, zikipatana mwendo, ubora na ukubwa wa karatasi. Ukurasa ukishapita, inayotuma inasema nimemaliza. Inayopokea inasema nimepata. Na jibu hilo linakuja simu ikiwa bado haijakatwa.

Hapo ndipo mapenzi ya wanasheria na mahospitali kwa faksi yalipoota mizizi. Kile kikaratasi kinachotoka baada ya kutuma, chenye saa, namba na idadi ya kurasa, kinathibitisha kuwa mashine ya upande wa pili imekiri kupokea. Baruapepe ya kawaida haitoi kiapo cha namna hiyo. Seva ya mwenzako inaweza kuipokea kwa adabu, ikaitupa kwenye taka, na wewe usijue hadi siku ya kesi. Kikaratasi nacho tusikipe sifa kisichostahili: mashine kukiri si mtu kusoma. Karatasi ngapi za siri zimelala kwenye trei ya korido hadi mfagizi akazikuta?

Kwa nini wenye pesa bado wanaitumia

Wengi wetu tunadhani faksi Marekani ni uzembe wa watu wazito kubadilika. Habari yenyewe ina mzunguko zaidi. Mwaka 2009 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyomwaga mabilioni ya dola ili madaktari na hospitali waache mafaili ya karatasi, wanunue mifumo ya kompyuta. Wakanunua. Lakini mfumo wa hospitali hii haukusikilizana na mfumo wa kliniki ile, kila kampuni imejenga ukuta wake, na lugha pekee waliyobaki nayo wote ni faksi. Kwa hiyo unakuta jambo la kuchekesha: taarifa ya mgonjwa inachapwa kwenye kompyuta, inageuzwa picha ya vidoti, inapita kwa miluzi, inafika upande wa pili, halafu mtu anakaa kuichapa upya kwenye kompyuta nyingine.

Viongozi wamejaribu kuikata. Agosti 2018 Seema Verma, aliyekuwa akiongoza taasisi ya serikali kuu inayosimamia bima za afya za umma Marekani, aliwataka watengenezaji wa programu wazifanye ofisi za madaktari zisiwe na faksi ifikapo 2020. Uingereza, Desemba mwaka huohuo, waziri wa afya Matt Hancock alipiga marufuku huduma ya taifa ya afya kununua mashine mpya kuanzia Januari 2019. Wakati huo zilikuwa zikitumika zaidi ya 8,000 katika England peke yake. Japani, mwaka 2021, waziri Kono Taro alipotaka ofisi za serikali ziache faksi, alirudishiwa mamia ya pingamizi na watumishi wa wizara. Shemeji yangu hana ubavu wa kushindana na hali hiyo. Daktari akisema atatuma faksi, atatuma faksi.

Kilicho katikati

Sasa tufuate karatasi moja. Shemeji anataka kutuma fomu kwa duka la dawa. Anafungua baruapepe, na kwenye sehemu ya mpokeaji anaandika namba ya faksi ya duka, ikifuatiwa na jina la mtandao la kampuni ya huduma. Fomu inakuwa kiambatisho. Aliyoandika kwenye mwili wa barua mara nyingi yanageuka ukurasa wa jalada, kwa hiyo asiandike "msalimie mkeo" pale.

Seva ya kampuni inaipokea barua hiyo na kuangalia kwanza kama anwani iliyotuma imesajiliwa. Hilo lina umuhimu, maana jina la mtumaji wa baruapepe linaghushika kirahisi, na mtu asiye na haki angeweza kutuma faksi kwa jina la ofisi yako na kwa pesa yako. Kisha inaigeuza fomu kuwa picha ya nyeusi na nyeupe kwa vidoti vya Kundi la 3. Halafu inafanya kazi ya mkalimani: inapiga simu halisi kwa namba ya duka la dawa, inatoa mlio wa hezi 1,100, inasubiri kuitikiwa, inapatana mwendo, inapitisha ukurasa, inapokea lile "nimepata". Namba ikiwa na shughuli, inarudia baada ya muda. Ikifaulu, inamwandikia shemeji baruapepe ya risiti.

Kupokea ni kinyume chake. Namba yake bado ni namba ya simu, ila ukiipiga unaitikiwa na kompyuta za kampuni, pengine katika mji ambao hajawahi kuufikia. Zinapokea picha, zinaifunga kama PDF, zinamtumia. Daktari hajui kama kuna kilichobadilika, kwa sababu kwake hakijabadilika kitu.

Kwa vile kuna mkalimani, risiti zimekuwa mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza inasema "tumepokea ombi lako". Hiyo ina maana seva ya kampuni imeipata barua, basi. Ya pili inasema faksi imefika, ikitaja namba, saa na kurasa. Hiyo ya pili ndiyo ya kutunza. Nimeona ofisi moja ikitunza za kwanza mwezi mzima, zikiwa zimepangwa vizuri kabisa kwenye folda.

Na kwa vile vidoti ni vyeusi au vyeupe, fomu yenye rangi hafifu ya chini, muhuri wa bluu uliofifia au saini ya penseli inafika kama uji wa vidoti, au haifiki kabisa. Huduma nyingi zina chaguo la ubora wa juu, linaloongeza mistari karibu mara mbili. Lichague, hata kama ukurasa utachukua muda zaidi. Kipimo cha dawa kikisomeka 10 badala ya 1.0, hutakuwa na pa kujitetea.

Vitu vitatu vinavyoitwa jina moja

Fundi akikuambia "tutahamishia faksi yako kwenye intaneti", muulize ana maana ipi. Kuna hiyo niliyoieleza, ambayo mashine inaondoka ofisini. Kuna ya pili, ambayo mashine inabaki palepale ila waya wake unachomekwa kwenye kisanduku cha simu za intaneti. Na kuna ya tatu ambayo wala si faksi: skana inayotuma PDF moja kwa moja kwa baruapepe ya mtu. Ya tatu ni nzuri kama mwenzako anakubali baruapepe. Mwenye namba ya faksi tu huwezi kumfikia nayo.

Ya pili ndiyo inayoliza watu. Simu za intaneti zinaikata sauti katika pakiti ndogondogo na mara nyingi kuibana ili isile mtandao. Mbanano huo ulitengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Sikio lako husamehe pakiti moja ikipotea katikati ya "habari za asubuhi"; faksi haisamehi, kwa sababu kwake kila kipande cha mlio ni vidoti. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza unapita, wa tatu unakatika, na kila mtu anailaumu mashine. Mwaka 1998 kilipitishwa kiwango kinachoitwa T.38, kinachopeleka vidoti vyenyewe badala ya sauti ya vidoti, lakini lazima njia nzima ikielewe, na kampuni yako kukiweka hakumlazimishi mwenzake wa upande wa pili. Ofisi yenye kurasa nyingi, mimi nisingeipeleka njia hiyo.

Hata anayeng'ang'ania laini yake ya waya ajue kwamba ardhi inahama chini ya miguu yake. Makampuni ya simu yanaizima mitambo ya zamani nchi kwa nchi. Uingereza tarehe ya mwisho iliyowekwa ni 31 Januari 2027. Huko kwingine waya unatoka ukutani vilevile, ila ukifuata mbele kidogo unakuta kila kitu kimeingia kwenye intaneti. Ndiyo maana mwaka 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya jimbo la Bremen, Ujerumani, ilisema faksi sasa ina usiri sawa na baruapepe isiyofungwa kwa msimbo, yaani sawa na postikadi. Ile hoja ya "faksi ni salama kwa sababu ni waya wa mtu mmoja hadi mwingine" ilikuwa na ukweli wakati wa waya.

Nani ameshika ufunguo

Marekani, usiri wa taarifa za wagonjwa unasimamiwa na sheria ya mwaka 1996 iitwayo HIPAA. Sheria hiyo haikatazi faksi. Inataka tahadhari za busara, kama kuhakiki namba na kutoacha mashine mahali pa wazi. Utata unakuja kwa mkalimani. Kampuni ya simu inayopitisha mlio tu inahesabiwa kama tarishi: inabeba bahasha, haitunzi. Kampuni ya faksi ya baruapepe inayohifadhi picha za faksi zako kwenye seva zake imekuwa mtunzaji wa siri za wagonjwa wako, na lazima muwe na mkataba wa maandishi unaoibana kisheria. Shemeji alikuwa amechagua mpango wa bei ya chini kabisa. Tulipousoma vizuri, mkataba huo haukuwamo. Ulikuwa kwenye mpango wa biashara. Tofauti ya bei ilikuwa hapo, si kwenye idadi ya kurasa.

Kuna pengo jingine. Kutoka kwa daktari hadi kwa kampuni ni faksi, sawa. Kutoka kwa kampuni hadi kwenye sanduku lako ni baruapepe, na PDF inaweza kusafiri wazi. Huduma makini zina chaguo la kukutumia taarifa tu, "umepata faksi", halafu unaingia kwenye tovuti yao kwa nywila kuisoma. Inakera kidogo, lakini kwa karatasi za wagonjwa nadhani ndiyo njia sahihi. Tahadhari yake ni kwamba matapeli nao wanaipenda sana sentensi "umepata faksi, bofya hapa". Wafanyakazi wafundishwe kuingia kwa anwani waliyoihifadhi wenyewe, wasibofye.

Mashine ya zamani nayo haikuwa malaika. Agosti 2018 watafiti wa kampuni ya Check Point walionyesha kwamba printa ya kisasa yenye faksi ndani yake, ya kampuni ya HP, inaweza kutekwa kwa kutumiwa faksi iliyotengenezwa kwa hila, mshambuliaji akiwa na namba ya faksi tu. Kutoka kwenye printa wakaingia kwenye mtandao wa ofisi. HP ilitoa marekebisho, lakini tujiulize ni ofisi ngapi zinazokumbuka kusasisha printa.

Na kwetu? Wakili wa Dar es Salaam mwenye wateja Marekani, au kampuni ya mizigo Mombasa inayoshughulika na wakala wa ng'ambo anayedai faksi, anaweza kabisa kutumia huduma hizi bila kuwa na waya wowote. Lakini picha za nyaraka zitakaa kwenye seva za nje, na hapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Soma kabla ya kulipia.

Siku namba ilipokufa

Nilimwambia shemeji jambo moja kwa msisitizo: usikate laini ya zamani hadi namba iwe imehamia kwa kampuni mpya na umepokea faksi ya majaribio. Namba inahamishwa ikiwa hai. Ukimwambia mwenye laini "nimeacha", namba inakuwa yake, na anaweza kumpa mwingine.

Akasikia. Lakini mhasibu wake, kwa nia njema ya kuokoa ada ya mwezi, akaikata Ijumaa. Jumapili usiku wa manane kwangu simu inalia: "Shemeji, namba imekufa." Namba hiyo ilikuwa kwenye mafaili ya madaktari, maduka ya dawa na hospitali zaidi ya kumi. Kuifufua kulichukua siku tisa za kubembeleza, na siku hizo tisa dada mmoja wa zamu alikuwa akiendesha gari kufuata karatasi mkononi. Wakati wa kuhangaika ndipo walipogundua pia kwamba king'ora cha moto kilikuwa kikipigia kampuni ya ulinzi kwa laini ileile. Hilo sikuwa nimemwonya, na lilipaswa kuwa la kwanza: kabla ya kukata, fuata waya kwa mkono ujue umeunganishwa na nini.

Kosa jingine walilofanya lilikuwa dogo ila la kawaida. Faksi zote zilielekezwa kwenye baruapepe ya muuguzi mkuu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akichukua karatasi kwenye trei. Trei ilikuwa inaonekana na kila mtu. Sanduku lake lilikuwa lake. Akaenda likizo Kisumu wiki mbili. Sasa faksi zinaingia kwenye sanduku la pamoja la watu watatu wa zamu, na anwani ya kampuni imewekwa kwenye orodha ya wanaoaminika ili isitupwe kwenye taka.

Ilibaki mashine yenyewe. Shemeji alitaka kuipeleka kanisani, maana bado nzima. Nikamwomba afungue kifuniko kwanza. Mashine za aina yake hazitumii poda ya wino. Zina utepe wa karbon unaojikunja kutoka rola moja hadi nyingine, na kila herufi iliyochapwa imeacha nafasi yake kwenye utepe. Akautoa, akaunyoosha mbele ya taa ya jikoni, akaanza kunisomea kwa simu: jina la mzee, tarehe ya kuzaliwa, dawa ya presha, kipimo. Mzee huyo alishafariki miaka miwili nyuma. Akaukatakata utepe kwa mkasi, akafuta kumbukumbu ya ndani kwa kufuata kitabu cha maelekezo, na mashine ikaenda kanisani Jumapili iliyofuata.